Roki huru katika kibanda cha fundi redio, Malindi: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa redio, amplifaya na spika hapa Malindi. Spika yangu ya majaribio huwa inalia tangu asubuhi hadi karibu na magharibi, na mara nyingi kinacholia ni magitaa ya bendi ambazo mteja hajapata kuzisikia maishani mwake. Mtu akija kuchukua redio yake husimama kizingitini, husikiliza kidogo, kisha huuliza. Maswali yanafanana, na mimi nimekuwa nikiyajibu nusu nusu huku nimeuma waya mdomoni. Hapa nimeyajibu yote kwa utulivu.

Kwani hii roki huru ni nini hasa?

Waingereza na Wamarekani huiita indie, kifupi cha neno lao la kujitegemea. Mwanzoni jina hilo halikuhusu sauti. Lilihusu nani mwenye mali. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, vijana ambao kampuni kubwa hazikuwataka walifungua kampuni zao ndogo: Rough Trade kule London, Dischord kule Washington, Sub Pop kule Seattle. Walirekodi kwa pesa chache, wakachapa santuri kiasi walichoweza kulipia, wakazipeleka madukani wenyewe. Albamu ya kwanza ya bendi ya Nirvana, *Bleach* ya mwaka 1989, ilirekodiwa kwa dola 606 na senti 17. Siku hizi jina limetanuka, kila mwenye gitaa na nywele ndefu hulibeba, lakini mimi bado naangalia mambo mawili: nani alishika usukani wakati wa kurekodi, na kama mikono ya wapigaji inasikika.

Wewe mtoto wa Malindi, mambo haya uliyatoa wapi?

Niliyatoa kwa marehemu baba, ingawa yeye hakusikia roki hata siku moja.

Baba alikuwa akirekodi taarabu harusini. Alikuwa na mashine moja ya kaseti na mikrofoni moja, basi. Mikrofoni ile aliifunga kwa kitambaa kwenye nguzo ya jamvini, usawa wa kifua cha mpiga udi, akakaa chini na kuitazama kanda ikizunguka ili aigeuze kabla haijafika mwisho. Ninayo kanda moja hadi leo, ya dakika 90, upande A umeandikwa kwa kalamu ya wino uliopauka. Katikati ya wimbo wa tatu mtoto anaanza kulia. Mama yake anamwambia, "Nyamaza babangu, nyamaza." Udi haukusita hata kidogo. Fidla inapanda, vigelegele vinapigwa mbali kidogo, upande wa kushoto, na ukisikiliza sana unasikia viatu vya mtu anayepita mchangani. Baba hakukata kitu. Kanda ikanakiliwa, nakala ikanakiliwa tena, ikafika Mambrui, ikafika Lamu.

Mwambao mzima ulikuwa hivyo. Zamani Mombasa kulikuwa na Assanand, waliotoa santuri za taarabu kwa nembo ya Mzuri. Zilipokuja kaseti, duka la Mbwana Radio Service likazisambaza hadi vijijini. Bwana Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1939, udi wake uliingia majumbani kwa njia hizo, bila kampuni kubwa yoyote ya Ulaya kumwambia apige vipi. Kwa hiyo mtu akiniambia muziki wa kujitegemea ni kitu cha Wazungu, mimi humchezea kanda ya baba.

Roki yenyewe ilikuja kwa njia ya kazi. Mgeni mmoja wa hoteli aliniletea kicheza sidii kilichoingia mchanga wa ufukweni. Nilikifungua, nikakisafisha kwa brashi, nikakirudisha, na kwa kukijaribu nikabonyeza tu kitufe, maana sidii ilikuwa bado imo ndani. Ilikuwa *Surfer Rosa* ya Pixies, bendi ya Marekani. Dramu ya kwanza iliponigonga nilisimama. Haikuwa dramu tu, kilikuwa chumba kizima na dramu ndani yake. Nilisikia umbali wa kuta. Nikamkumbuka baba na nguzo yake.

Mbona kila albamu unasema "chumba kinasikika" au "chumba hakisikiki"?

Kwa sababu ndicho kipimo changu, na sijapata kingine kilicho bora.

Sauti haiishi peke yake. Ukipiga kofi katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, yenye boriti juu, kofi linarudi na ujumbe wa nyumba ile. Ukilipiga katika kibanda cha mabati, ujumbe ni mwingine. Studio nyingi za leo hufuta ujumbe huo kwa magodoro ya ukutani, halafu huongeza mwangwi wa kompyuta juu yake. Unabaki na sauti safi isiyotoka popote.

*Surfer Rosa* ya mwaka 1988 ilirekodiwa na Steve Albini. Sauti za Kim Deal, mpiga besi wa Pixies, alizipeleka zikarekodiwe bafuni, apate mwangwi wa kweli wa vigae. Sikiliza "Where Is My Mind?", ile sauti ya kike inayovuma nyuma kama mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Hakuna mashine iliyomsaidia, ni bafu. Albini huyo alikataa kuitwa mtayarishaji. Alijiona fundi, na alipoandikiana na Nirvana kabla ya *In Utero* ya 1993 aliwaambia anataka alipwe kama fundi bomba alipwavyo: kazi imekwisha, pesa mkononi, bila kula asilimia ya jasho la wanamuziki miaka nenda miaka rudi. Mimi fundi mwenzake niliposoma hayo nilimpenda kama ndugu. Alifariki Mei 2024. Siku ile nilifunga kibanda mapema.

Kaka, mimi sijui lolote. Nianze na albamu gani?

Anza na *In Rainbows* ya Radiohead, bendi ya Uingereza. Ni ya mwaka 2007, wakati mkataba wao na kampuni kubwa ulikuwa umekwisha. Tarehe 10 Oktoba waliiweka kwenye mtandao wao na kumwambia kila msikilizaji alipe anachoona kinastahili. Habari hiyo ya bei iliandikwa sana magazetini, hata watu wakasahau kuusifu muziki wenyewe. Ni albamu laini kuliko zao za nyuma, mapigo yake yanatembea, na wimbo wa "Weird Fishes/Arpeggi" una magitaa matatu yanayopishana kama mashua zinazotoka pamoja alfajiri, hakuna linalomgonga mwenzake. Nimewachezea watu wa kila aina hapa kibandani, na wimbo huo haujapata kumfukuza mtu.

Ukishazoea, nenda kwa bendi ya Arcade Fire, *Funeral* ya 2004. Jina ni la msiba kwa sababu wanabendi kadhaa walifiwa na jamaa zao wakati wa kuirekodi. Lakini si albamu ya kulala chini na kulia. Katika "Wake Up" wote wanaimba kwa pamoja mstari usio na maneno, sauti juu ya sauti, na mtu yeyote aliyewahi kukaa safuni kwenye Maulidi ya Lamu, matari yakilia na kifua kikitetemeka kwa sauti za mamia, ataijua hali hiyo mara moja. Sisemi ni kitu kimoja. Nasema kifua ni kile kile.

Halafu ndiyo uje kwa Pixies.

Ami, hawa Low mbona wanaimba polepole hivyo? Redio imeharibika?

Mpwa wangu aliniuliza hivi, na wengine wengi baada yake. Redio haijaharibika.

Low walitoka Duluth, mji wa baridi kali kule Minnesota. Mume na mke, Alan Sparhawk na Mimi Parker, pamoja na mpiga besi. Mimi Parker alipiga dramu akiwa amesimama, vifaa vyenyewe vichache kuliko vya mtoto anayejifunza. Walipiga polepole na kwa sauti ya chini wakati ambapo bendi zote zilizowazunguka zilikuwa zikipiga kelele. Watu wakizungumza ukumbini wakati wao wanapiga, hawakuongeza sauti, waliipunguza zaidi, mpaka anayezungumza akajisikia mwenyewe.

Albamu ninayoipenda kuliko zote duniani ni yao: *Things We Lost in the Fire*, 2001. Albini aliirekodi. Nimeisikiliza wakati wa kusi, upepo ukipiga mabati, na nimeisikiliza usiku wa kaskazi kumetulia tuli, na kila mara inanipa nafasi ya kupumua kati ya pigo na pigo. Wimbo wa mwisho, "In Metal", ni wa mzazi anayemtazama mtoto wake akikua na kutamani lau angeweza kuuhifadhi mwili ule mdogo ndani ya chuma, usibadilike. Sauti ya mtoto mwenyewe imo. Binti yangu wa kwanza alipoanza kutambaa, nilikuwa siwezi kuusikiliza wimbo huu hadi mwisho. Sasa yuko sekondari, bado siwezi.

Mimi Parker alifariki Novemba 2022. Sauti mbili zile, ya mume na ya mke, zikipanda pamoja kwenye kiitikio, sijazisikia mfano wake popote.

Sielewi Kiingereza chao. Nitafaidi nini?

Utafaidi kama ulivyofaidi nyimbo za Kilingala miaka yote hii. Nani kati yetu alijua kila neno la nyimbo za Kongo tulizozichezea?

Na hata wenye lugha yao hawaelewi yote. Stephen Malkmus, mwimbaji wa bendi ya Pavement ya Marekani, anaandika mafumbo ambayo ufunguo wake sidhani kama hata yeye anao mfukoni. Tofauti na taarabu ni kwamba fumbo la taarabu lina mlengwa. Aliyeimbiwa anajua, shoga zake wanajua, na jirani anatunza pesa kwa makusudi. Fumbo la Pavement halimlengi mtu. Mwanzoni lilinikera. Sasa nalisikiliza kama ninavyosikiliza mahadhi.

Je, kuna chochote cha kwetu Afrika ndani ya muziki huu?

Kipo, na kipo cha kina. Hapa nitakaa kidogo.

Vampire Weekend ni vijana waliokutana chuo kikuu cha Columbia, New York. Albamu yao ya kwanza ya mwaka 2008 ina wimbo uitwao "Cape Cod Kwassa Kwassa". Kwasa kwasa, nyote mnaijua. Gitaa lake ni jembamba, linametameta, halina mkwaruzo. Mzee mmoja aliyewahi kupiga solo kwenye bendi za dansi alikuwa amekuja kwangu na redio yake, akausikia, akainamisha kichwa akisema, "Huyu kijana amesikiliza, lakini hajakesha." Alimaanisha wimbo unaishia pale ambapo sebene ingeanza. Nakubaliana naye, ingawa albamu naipenda. Ni nyepesi, ina jua, na inafaa sana barabarani.

Waliokesha kweli ni Extra Golden. Hii ni bendi ya Wamarekani wawili wa roki, Ian Eagleson na Alex Minoff, na Wakenya wa benga. Albamu ya kwanza, *Ok-Oyot System*, ilitoka 2006 kupitia kampuni ndogo ya Thrill Jockey ya Chicago. Otieno Jagwasi, aliyeimba humo, alikuwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma, kwa hiyo albamu ilizaliwa ikiwa tayari ni kumbukumbu. Opiyo Bilongo akaingia, na ya pili, *Hera Ma Nono*, ina wimbo wa kumshukuru Barack Obama, wakati huo seneta, ambaye ofisi yake iliwasaidia kupata viza ya kwenda kupiga Chicago. Sikiliza jinsi gitaa la benga linavyochonga mbele na gitaa la roki linavyovuma chini yake. Hakuna anayemfundisha mwenzake. Inanisikitisha kwamba hapa nyumbani ni wachache sana wanaoijua bendi hii. Wakenya walikuwa katikati ya roki huru kabisa, na sisi tulikuwa tunaangalia kwingine.

Halafu yuko Mdou Moctar, mpiga gitaa wa Niger. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi akatumia waya za breki za baiskeli. Nyimbo zake za mwanzo zilienea Sahara kwa simu za mkononi, mtu akimpa mtu, kadi kwa kadi, kama zilivyoenea kanda za baba. Leo albamu zake hutolewa na kampuni zinazoheshimiwa sana kwenye roki huru: *Afrique Victime* ya 2021 kwa Matador, na *Funeral for Justice* ya 2024. Anapiga kwa mkono wa kushoto, kasi yake inatisha, na ngoma ya harusi za Watuareg imo chini mwanzo hadi mwisho. Nikimchezea mtu asiyejua lolote, Moctar humaliza kazi ndani ya dakika mbili.

Kuna albamu zinazosifiwa sana ambazo wewe hazikuingii?

Zipo. *Loveless* ya bendi ya My Bloody Valentine, 1991. Naiheshimu. Walitumia karibu miaka miwili na studio nyingi, na gitaa limerundikwa juu ya gitaa mpaka likawa wingu. Najua watu wazima walioilia machozi. Lakini mimi natafuta chumba, na humo hamna chumba, mna wingu tu. Kila mwaka naijaribu tena, kwa sababu wapenzi wake si wajinga.

*For Emma, Forever Ago* ya Bon Iver nilichelewa kuipenda. Bon Iver ni jina la kazi la Justin Vernon, aliyeirekodi peke yake katika kibanda cha baba yake msituni Wisconsin, wakati wa theluji, na hadithi hiyo ilisimuliwa mno hata ikaufunika muziki. Ukiiacha hadithi, sauti yake imerundikwa nyembamba juu ya nyembamba vizuri sana.

Ukitaka kibanda cha kweli msituni, chukua *songs* ya mwimbaji Adrianne Lenker, 2020. Gitaa moja, kanda ya zamani bila kompyuta, na mvua inasikika nje.

Kwa nini unasisitiza albamu nzima? Mimi nachukua wimbo mmoja mmoja.

Wimbo mmoja ni kipande cha samaki. Kinashibisha, lakini hukujua samaki alikuwa mkubwa kiasi gani.

Mfano: *Bee Thousand* ya Guided by Voices, 1994. Robert Pollard, mwimbaji wa bendi hiyo, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Dayton, Ohio, na walirekodi majumbani, kwenye magereji na vyumba vya chini, kwa mashine za kaseti zenye njia nne tu. Nyimbo 20 ndani ya dakika zisizofika 40. Kwenye wimbo wa kwanza gitaa moja linakatika ghafla, kama waya uliolegea kwenye plagi, kisha linarudi. Wakaliacha. Ukiusikia wimbo huo peke yake utadhani faili lako bovu. Ukisikiliza albamu nzima, kufikia wimbo wa tano umeshaelewa unaishi katika nyumba gani, na waya ule uliolegea unakuwa sehemu ya nyumba.

Nisikilizie nini? Simu inatosha?

Simu inatosha, spika ya simu haitoshi, kwa sababu besi haimo kabisa. Nunua visikizio vya waya vya bei ya kawaida, viwe na mpira unaoziba sikio vizuri.

Jambo la pili ni faili. Nyimbo nyingi zinazozunguka kwenye kadi za simu zimebanwa mno. Tofauti ya kilobiti 128 na 320 kwa sekunde (namba ikiwa ndogo, faili limebanwa zaidi) utaisikia kwenye matoazi: yaliyobanwa hulia kama mchele unaomwagwa sinia, mazuri hulia shaba. Pakua usiku wakati bando ni nafuu.

Nanunuaje nikiwa hapa?

Kwa Bandcamp, mtandao wa kuuza muziki. Unasikiliza kwanza bila malipo, ukipenda unanunua na faili linakuwa lako. Wao huchukua asilimia 15 kwa albamu ya kidijitali, sehemu kubwa ya iliyobaki huenda kwa wenye kazi. Kadi ya Visa ya M-Pesa hufanya kazi. Mimi hununua albamu moja kwa mwezi, na mwezi ambao kazi ni chache naruka.

Umewahi kuona shoo ya kweli, au ni video tu?

Nyingi ni video. Nawatazama sana wale wa redio ya KEXP ya Seattle, kwa sababu wanaweka bendi chumbani na kurekodi kama ilivyo. Na kuna hazina ya Fugazi. Bendi hii ya Washington ilitoza kiingilio cha dola 5 hivi, na vijana wa umri wowote waliruhusiwa. Mtu akianza kupiga wenzake mbele ya jukwaa, mwimbaji wao Ian MacKaye alisimamisha wimbo, akamwita, na mtu huyo akarudishiwa pesa zake na kutolewa nje. Walirekodi shoo zao kwa miaka na kuziweka wazi, zaidi ya 800. Nimesikiliza kiasi cha 30. Nayapenda zaidi yale mazungumzo kati ya nyimbo.

Kwa macho yangu nimeona shoo mbili ambazo sitazisahau. Ya kwanza ilikuwa Nairobi. Nilipanda basi la usiku kutoka hapa, kilomita 600 hivi, kwenda kuona bendi ya vijana katika ukumbi usioingia watu mia. Katikati ya wimbo wa nne uzi wa gitaa la mwimbaji ulikatika. Hakukuwa na gitaa la akiba. Mpiga dramu hakusimama. Alibaki na kiki, yaani dramu ya mguu, na toazi, taratibu, huku mwenzake amepiga magoti chini ya taa anafunga uzi mpya. Watu wakaanza kupiga makofi kwenye pigo. Dakika mbili, labda tatu. Uzi ulipokaza, akaulinganisha kwa sikio juu ya makofi yetu, tukasikia noti inapanda, inapanda, inafika, na bendi nzima ikaingia. Nimesikiliza muziki maisha yangu yote na sijasikia kuingia kama kule.

Ya pili ilikuwa hapa Malindi, kwenye hoteli. Vijana watatu walipewa nafasi ya saa moja. Baada ya nyimbo tatu msimamizi akawanong'oneza wapige zile nyimbo za kukaribisha watalii. Wakazipiga, kwa sababu walihitaji nauli. Nilimtazama mpiga besi, alikuwa anaangalia kiatu chake. Sina ugomvi na nyimbo zile. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye meza za nyuma kulikuwa na wenyeji kumi na watano waliokuja kuwasikiliza wao, na hakuna aliyetuuliza.

Majirani hawalalamiki? Na dini je?

Adhana ikiadhiniwa nazima. Ramadhani sichezi kabisa, natengeneza tu. Majirani tunaelewana, kwa sababu kelele hasa haziko kwenye ukubwa wa sauti, ziko kwenye spika iliyopasuka, na yangu haijapasuka.

Nyuzi za gitaa langu zinashika kutu ndani ya wiki tatu. Nifanye nini?

Ni bahari hiyo. Hewa yetu ina chumvi, na jasho la vidole lina chumvi, zote mbili zinakutana kwenye uzi. Ukishamaliza kupiga, pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi, mmoja mmoja, mpaka kitambaa kisitoke cheusi. Usiliegemeze ukutani upande wa dirisha linalotazama bahari. Liweke mfukoni mwake na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Uzi ukianza kuwa wa kijani karibu na daraja, ubadilishe, usingoje ukukatikie. Na soketi ya jeki ipanguse kwa spiriti kila mwezi. Robo tatu ya magitaa ya umeme ninayoletewa hayana ubovu wowote isipokuwa kutu hapo.

Kuna bendi za roki Malindi?

Kuna vijana watatu wanaofanya mazoezi kibandani kwangu Jumapili, baada ya alasiri. Besi, gitaa, na msichana mmoja anayepiga dramu kwa vifaa vitatu tu, amesimama, ingawa alikuwa hajawahi kumsikia Mimi Parker nilipomkuta. Wanaimba Kiswahili. Jina bado hawajakubaliana.

Unaweza kunirekodi na mimi?

Naweza, na sitozi wanaoanza. Nina mikrofoni mbili, moja yangu na moja ya baba, ambayo bado inafanya kazi. Njoo Jumapili baada ya hao watatu kumaliza. Njoo na nyuzi zako mwenyewe, na wimbo unaoweza kuupiga kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, kwa sababu sikati. Tukianza saa kumi na moja, mwadhini atakuwa hajaanza, lakini kunguru wa kwenye mwembe watasikika.